Mgonjwa wa TB aonwe na daktari wa upasuaji kabla hajachelewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kila ifikapo Machi 24, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, hupita bila kutajwa. Siku hiyo tunasikia hotuba kuhusu kupima makohozi, kumaliza dozi na kuacha kuwanyanyapaa wagonjwa, na yote hayo ni ya kweli na ya lazima. Lisilosemwa ni kwamba wapo wagonjwa ambao dawa peke yake haiwatoshi, na wapo ambao dawa imewamalizia vimelea lakini wamebaki na pafu lililoharibika, na kwamba baadhi yao wanaweza kuokolewa kwa upasuaji endapo watafikishwa mapema kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kifua. Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliitumikia katika wodi za kifua mkoani Kilimanjaro, na nimewahudumia waliotoka chumba cha upasuaji wakarudi makwao wazima, kama nilivyowahudumia wengine ambao barua yao ya rufaa iliandikwa wakati wa kusafirishwa umekwisha pita.

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya: mgonjwa wa kawaida wa kifua kikuu hahitaji kisu. Akigunduliwa mapema na kumeza dawa mseto kwa miezi sita bila kuruka siku, anapona, na hapa kwetu dawa hizo hutolewa bure. Ninaowasemea ni wachache kwa asilimia, lakini si wachache kwa idadi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani na milioni 1.25 wakafariki, na kwamba watu wapatao 400,000 walipata aina isiyosikia rifampisini, ambayo ndiyo dawa yetu kuu, peke yake au pamoja na dawa nyingine. Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zilikuwamo katika orodha ya Shirika hilo ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu. Hata sehemu ndogo ya idadi kama hiyo inatosha kujaza wodi nyingi.

Sababu ya dawa kushindwa kwa wagonjwa wa namna hii imo ndani ya pafu lenyewe. Kifua kikuu kikikaa muda mrefu hula nyama ya pafu, hasa sehemu za juu, na kuacha matundu. Tundu la zamani huwa na ukuta mnene wa kovu wenye mishipa michache ya damu, na kwa kuwa dawa husafiri kwa njia ya damu, kinachofika pale ni kidogo. Upande wa ndani, tundu hilo limeungana na njia ya hewa, oksijeni ipo tele, na bakteria huzaliana humo kwa mamilioni. Bakteria wengi mbele ya dawa kidogo ndiyo hali hasa inayozaa usugu, yaani bakteria kutosikia tena dawa. Daktari anapoiondoa sehemu hiyo haponyi ugonjwa wote kwa mkono wake. Anaondoa ghala la vimelea ili dawa ishughulike na vilivyobaki. Pafu la kulia lina sehemu kuu tatu na la kushoto mbili, na upasuaji ninaouzungumzia zaidi ni ule wa kuondoa sehemu moja kati ya hizo, au kipande kidogo kuliko hapo. Kuondoa pafu zima ni uamuzi mwingine, wenye hatari zake.

Wasomaji wengi huenda wakashangaa kusikia kwamba katika ugonjwa huu upasuaji umetangulia dawa. Robert Koch alipotangaza mjini Berlin, Machi 24, 1882, kwamba amekigundua kimelea kinachosababisha kifua kikuu, madaktari walimjua adui wao, lakini walikaa zaidi ya miaka 60 bila dawa ya kumwua. Walichoweza kufanya ni kulipumzisha pafu. Mtaliano Carlo Forlanini alianzisha njia ya kuingiza hewa kati ya pafu na ukuta wa kifua ili pafu linywee na tundu lijifunge. Wengine waliondoa mbavu kadhaa ili kifua kibonyee juu ya pafu bovu, na waliopona kwa njia hiyo walibaki na bega lililoshuka na mgongo uliopinda maisha yao yote. Dawa ya streptomaisini ilipogunduliwa mwaka 1943, na aisoniazidi ilipoanza kutumika mwaka 1952, hali ilibadilika kabisa. Utafiti uliofanyika Madras, India, mwishoni mwa miaka ya 1950 ulionyesha kuwa mgonjwa anayemeza dawa akiwa nyumbani kwake anapona sawasawa na yule aliyelazwa sanatoriamu, yaani hospitali ya kuwatenga na kuwapumzisha wagonjwa wa TB.

Afrika Mashariki nayo ina heshima yake katika historia hii, heshima ambayo hatuisimulii vya kutosha shuleni. Majaribio yaliyofanyika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ambayo matokeo yake ya mwanzo yalichapishwa mwaka 1972, yalithibitisha kwamba dozi ya miezi sita yenye rifampisini inaweza kuchukua nafasi ya dozi ya mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1977 Tanzania ikaanzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, na kazi iliyofanywa humo kwa ushirikiano na Dk. Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia, ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa mkakati wa DOTS, wa mgonjwa kumeza dawa chini ya uangalizi, ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza ulimwenguni katika miaka ya 1990. Kwa hiyo tunayo haki ya kujivunia. Lakini mafanikio hayohayo yalitusahaulisha chumba cha upasuaji. Huduma nzima ilijengwa juu ya makohozi na kidonge, kuanzia zahanati hadi wizarani, na vizazi vya wauguzi na matabibu vikafunzwa kwamba mgonjwa wa TB ana safari moja tu, ya kwenda dirisha la dawa na kurudi nyumbani. Hata Hospitali ya Kibong'oto wilayani Siha, iliyoanzishwa mwaka 1926 na ambako matibabu ya TB sugu yalianza kutolewa nchini mwaka 2009, inajulikana kwa wananchi kama mahali pa kumeza dawa na kupumzika. Ni wachache wanaojua kwamba kuna swali la upasuaji linalopaswa kuulizwa.

Je, upasuaji unasaidia kweli? Hapa inatupasa kuwa waangalifu, kwa sababu matumaini ya bure ni ukatili kwa mgonjwa. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 ulikusanya taarifa za mgonjwa mmoja mmoja kutoka tafiti 26, jumla yao wagonjwa 6,431 wa kifua kikuu sugu, ambao 478 kati yao walifanyiwa upasuaji wa mapafu. Baada ya kuzingatia tofauti zilizokuwapo kati ya wagonjwa, waliokatwa sehemu tu ya pafu walionekana kuwa na nafasi nzuri zaidi ya matibabu kufanikiwa: uwiano wa waliofanikiwa kwa wasiofanikiwa ulikuwa karibu mara tatu ya ule wa waliotibiwa kwa dawa peke yake. Kwa walioondolewa pafu zima, faida ya namna hiyo haikuonekana. Jambo la tatu katika uchambuzi huo ndilo ambalo ningependa kila tabibu wa wilaya alikumbuke, nalo ni kwamba matokeo yalikuwa mazuri zaidi pale upasuaji ulipofanyika baada ya makohozi kuoteshwa maabara na kukutwa hayana tena vimelea hai, kuliko pale ulipofanyika yakiwa bado navyo. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliingiza katika mwongozo wake kwamba upasuaji wa kupanga, wa kuondoa sehemu ya pafu, unaweza kutumika sambamba na dawa zinazopendekezwa kwa TB sugu.

Nimesema unaweza kutumika, na sikukosea neno. Ushahidi huo haukutokana na majaribio ambamo wagonjwa hugawanywa kwa kura, bali unatokana na kufuatilia watu ambao madaktari waliwachagua. Anayechaguliwa kwa upasuaji kwa kawaida ni yule mwenye nguvu, ambaye ugonjwa wake uko upande mmoja na moyo wake ni mzima. Huenda baadhi yao wangefanya vizuri hata bila kisu. Watafiti wenyewe wanalikiri hilo, na mwongozo ukatoa pendekezo lenye masharti. Aidha, matokeo mengi yanayosifiwa yametoka katika hospitali zenye uzoefu wa miaka mingi. Ripoti ya mwaka 2001 kutoka Denver, Marekani, inayohusu wagonjwa 172 wa TB sugu, ilionyesha vifo vya asilimia 3.3 katika operesheni 180. Hospitali inayofanya upasuaji huu mara moja moja, bila daktari wa usingizi aliyezoea kulipumulisha pafu moja huku jingine likishughulikiwa, isitarajie takwimu kama hizo. Pamoja na mipaka yote hiyo, ninaposoma matokeo haya naona jambo moja limesimama imara: anayefaidika ni mgonjwa aliyeandaliwa, ambaye ugonjwa wake haujasambaa, na ambaye bado anaendelea na dawa. Huyo ndiye sisi tunayemchelewesha.

Tunamchelewesha kwa sababu tunauona upasuaji kuwa mlango wa mwisho. Mgonjwa wa TB sugu anaanza dawa, miezi inapita, makohozi yanakataa kusafika, dawa zinabadilishwa, anaendelea kukonda, tundu linaongezeka, ugonjwa unavuka kwenda upande wa pili, na hapo ndipo mtu anapouliza kama kuna daktari wa upasuaji. Wakati huo daktari wa upasuaji atakataa, na atakuwa sahihi. Mapafu yote mawili yakiwa na matundu hakuna kitu cha kukata. Mgonjwa akipuliza kipimo cha uwezo wa mapafu na kuonekana hana akiba, kumfungua kifua ni kumwua. Swali la upasuaji linatakiwa kuulizwa mwanzoni, picha ya kifua inapoonyesha tundu kubwa upande mmoja na kipimo cha usugu kinapotoka vibaya, ili miezi ya kwanza ya dawa iwe pia miezi ya kumwandaa. Mgonjwa apate chakula cha kutosha, damu yake ipandishwe, aache sigara, kama ana virusi vya ukimwi awe kwenye dawa za kufubaza, na kisukari chake kidhibitiwe. Kipimo cha CT, yaani picha ya kina ya kifua, kifanyike. Kisha timu ikae: daktari wa TB, daktari wa upasuaji, wa usingizi na muuguzi, waamue pamoja. Wengi wataonekana hawahitaji upasuaji, na hilo ni jema. Lakini uamuzi utakuwa umefanywa na watu wanaojua, wakati ambapo bado kuna cha kuamua.

Lipo kundi la pili, ambalo kwangu linaumiza zaidi kwa kuwa kwenye daftari letu tunaandika kwamba limepona. Hawa ni waliomaliza dozi, makohozi yao hayana vimelea, lakini wanakohoa damu. Tundu lililobaki huzungukwa na mishipa iliyovimba na kudhoofika, na mshipa mmoja ukipasuka damu humwagika moja kwa moja kwenye njia ya hewa. Watu hudhani mgonjwa wa namna hii hufa kwa kuishiwa damu. Kwa kawaida hufa kwa kukosa pumzi. Njia za hewa za mtu mzima, kabla ya kufika mahali oksijeni inapoingia kwenye damu, huchukua takriban mililita 150 tu, kiasi ambacho hakijazi kikombe cha chai. Ndiyo maana tulifundishwa kumlaza mgonjwa kwa ubavu wa pafu linalovuja, ili pafu zima libaki juu na lisifurikwe.

Nakumbuka kijana mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekuwa amemaliza dozi mara mbili kwa nyakati tofauti. Kwa miezi mingi alikuwa akirudi kwenye kituo chake cha afya akiwa na leso yenye madoa ya damu, na kila mara alipimwa makohozi, akaambiwa hana TB, akapewa dawa ya kikohozi. Alipoletwa wodini kwetu alikuwa ameshika kopo la makohozi kwa mikono miwili, damu mbichi yenye povu imefika karibu na ukingo, naye hakutaka kulala kwa kuogopa kwamba akilala itamziba. Picha yake ilionyesha sehemu ya juu ya pafu la kushoto imekwisha, na pafu la kulia lilikuwa safi kabisa. Kwa picha hiyo, na kwa umri wake, angekuwa mtu wa kupangiwa upasuaji kwa utulivu mapema zaidi. Tulimlaza kwa ubavu wa kushoto, tukamwekea oksijeni, tukatafuta damu ya kumwongezea, gari la rufaa likaombwa. Damu ilirudi kabla ya gari kufika. Upasuaji wa dharura kwa mgonjwa anayetapakaa damu una vifo vingi kuliko ule wa kupanga, hata katika hospitali kubwa. Kijana huyu hata huo hakuufikia.

Mara nyingi ndani ya matundu kama yale humea kuvu aina ya aspagilasi na kufanya donge, na donge hilo ni chanzo kikubwa cha kukohoa damu. Hatuna haja ya kwenda mbali kupata ushahidi wa hilo. Utafiti uliofanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019, ulifuatilia watu waliokwisha kutibiwa kifua kikuu. Kati ya waliokuwa na matundu katika picha ya kifua, asilimia 26 walikutwa na ugonjwa sugu wa kuvu hiyo mapafuni, ilhali kati ya wasio na matundu haikufika asilimia moja. Maana yake ni kwamba picha moja ya kifua wakati wa kumaliza dozi inaweza kutuambia ni nani wa kumfuatilia. Na mgonjwa wa donge la kuvu anayekohoa damu, ambaye sehemu nyingine za mapafu yake ni nzima, tiba yake ya kudumu iliyo bora ni kuondolewa sehemu hiyo. Ipo pia njia ya kupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa damu wa nyonga na kwenda kuziba mshipa unaovuja kifuani, njia ambayo husimamisha damu kwa wengi na kuwapa nafuu ya kujiandaa kwa upasuaji. Damu hiyo hurudi kwa baadhi yao, hasa wenye kuvu, na huduma yenyewe inahitaji mashine na mtaalamu ambao hospitali nyingi za mikoa hazina.

Nisiwasahau wachimbaji. Kwa sisi tulio karibu na Mirerani, kijana anayefika na kifua kikuu akiwa ametokea migodini ni jambo la kila wakati, na wengi wao mapafu yao yameshikwa pia na vumbi la mawe. Vumbi hilo huharibu pande zote mbili na halitoki. Kwa mgonjwa kama huyo upasuaji mara nyingi hauwezekani, na ndugu zake wanapaswa kuelezwa ukweli huo kwa upole kabla hawajauza shamba kutafuta hospitali ya mbali. Kinga yake iko mgodini, kwenye maji ya kuzuia vumbi wakati wa kutoboa mwamba, na si kwenye kisu. Nataja hili kwa sababu nimeona tapeli akiwaahidi watu kama hawa kwamba pafu linaweza kubadilishwa kwa bei nafuu.

Ningependa pia kuwaondolea hofu wagonjwa wanaoambiwa wanafaa kwa upasuaji nao wakakimbilia kwa waganga. Mtu aliyeondolewa sehemu moja ya pafu anaweza kulima, kuzaa, kufundisha na kupanda kilima cha nyumbani kwake, maana sehemu iliyotolewa ilikuwa imekwisha kuacha kufanya kazi, na pafu lililobaki hujaza nafasi. Siku za mwanzo ni ngumu, sitaficha. Mgonjwa huamka akiwa na mpira unaotoka ubavuni kwenda kwenye chupa yenye maji chini ya kitanda. Akivuta pumzi maji hupanda katika bomba, akitoa hushuka, na mapovu yakiendelea siku nyingi tunajua hewa bado inavuja. Hutakiwa kukohoa kwa nguvu huku akikumbatia mto juu ya kidonda, kuketi mapema na kutembea na chupa yake mkononi, kwa sababu anayelala tu hujaza makohozi na kupata nimonia. Nilimhudumia mama mmoja, mkulima, ambaye alipoona maji ya chupa yake yametulia na daktari akasema mpira utolewe, aliomba kwanza atembee hadi mlangoni na kurudi ili ahakikishe pumzi inamtosha. Ilimtosha. Aliendelea kumeza dawa zake za TB sugu kwa miezi mingi baada ya hapo, jambo ambalo wagonjwa wengine hawalielewi: kidonda kikipona hudhani na dawa zimekwisha. Anayeacha dawa baada ya upasuaji anapoteza karibu yote aliyoyapata kwenye meza ya upasuaji.

Hatari kubwa inayoogopwa na madaktari ni pale bomba la hewa lililokatwa na kushonwa linapoachia, hewa na usaha vikajaa kifuani. Hutokea zaidi baada ya kuondoa pafu zima, hasa la kulia, na kwa mgonjwa ambaye makohozi yake bado yana vimelea. Wapasuaji hujikinga kwa kufunika mshono kwa msuli uliotolewa katikati ya mbavu au mgongoni. Tatizo hilo likitokea, mgonjwa anaweza kukaa hospitalini kwa miezi, akafunguliwa tena, au akafa. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa haya kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa, kwa Kiswahili anachokielewa, na muuguzi akiwepo.

Najua yatakayosemwa dhidi ya barua hii. Kwanza, kwamba dawa mpya zimekuja. Ni kweli, na ni habari njema kuliko zote nilizozisikia tangu nianze kazi. Bedakwilini ilifungua mlango, na mwishoni mwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza mchanganyiko wa bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini kwa miezi sita, mahali ambapo zamani mgonjwa alikuwa akichomwa sindano kwa miezi mingi hadi wengine wakapoteza usikivu. Wanaohitaji upasuaji kwa sababu ya usugu watapungua, nami naomba wapungue. Lakini hakuna kidonge kinachojenga upya pafu lililoliwa, wala kinachoziba mshipa uliovimba ndani ya tundu. Tena usugu dhidi ya bedakwilini umekwisha kuanza kuonekana katika nchi kadhaa.

La pili litakuwa gharama na uhaba wa wataalamu. Upasuaji wa kifua unapatikana katika hospitali chache kubwa, na mgonjwa wa Kigoma au Rukwa hawezi kuufikia bila mtu kumshika mkono. Dawa za TB ni bure, lakini nauli, CT, siku za kukaa katika chumba cha wagonjwa mahututi na chakula cha ndugu anayemuuguza si bure, na familia yenye TB mara nyingi imekwisha kuuza ilichonacho. Kwa kuwa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, ni haki kuuliza kama mgonjwa wa TB anayehitaji upasuaji atahesabiwa ndani yake kikamilifu. Siombi kila mkoa ujengewe chumba cha upasuaji wa kifua. Kazi hii hufanywa vizuri na wachache wanaoifanya mara kwa mara, na kuitawanya kungeleta vifo. Kinachoweza kutawanywa ni swali na njia ya kulifikisha: picha ya kifua na matokeo ya vipimo vitumwe kwa simu kutoka wilayani kwenda kwa timu ya wataalamu, na jibu lirudi ndani ya siku chache kama mgonjwa asafirishwe, asubiri au aendelee na dawa.

Mwisho, kuna suala la kumbukumbu. Daftari la kifua kikuu humaliza habari za mgonjwa kwa neno moja: amepona, amemaliza matibabu, matibabu yameshindikana, amefariki au ametoweka. Hakuna neno la yule aliyepona vimelea na kubaki anahema akipanda ngazi tatu, na hakuna mahali panapotuonyesha ni nani alifikiriwa kwa upasuaji, nani alifanyiwa, na yuko wapi baada ya mwaka. Naiomba Wizara ya Afya, kupitia Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, iongeze katika ufuatiliaji wa kawaida picha ya kifua na kipimo cha kupuliza kwa kila anayemaliza dozi akiwa ameonekana na matundu, na iweke rejesta ya wote wanaofanyiwa upasuaji wa mapafu kwa sababu ya TB, katika hospitali za umma, za mashirika ya dini na za binafsi. Matokeo yake, pamoja na vifo na matatizo yaliyotokea, yachapishwe kila mwaka pamoja na takwimu nyingine za TB, ili waratibu wa wilaya wajue ni mgonjwa gani wa kumpeleka na wakati gani.

Muuguzi mstaafu,
Siha, Kilimanjaro